Konveya ya mkanda, rola, skrubu au eliveta ya ndoo: hela yako uiweke wapi

Watu wengi wakinipigia swali la kwanza ni "fundi, konveya ya mita kumi shilingi ngapi?" na mi kila mara nashindwa kujibu, manake konveya ni mashine yoyote ya kusogezea mzigo toka hapa mpaka pale, ni sawa na kuuliza chombo cha usafiri shilingi ngapi bila kusema unataka bajaji au semi. Mita kumi za nini? Zinabeba nini, zinapanda au ziko flati, masaa mangapi kwa siku, na ikikwama saa nne usiku nani anakuja kuifungua? Ukishanijibu hayo bei inakuja yenyewe, na mara nyingi inakuwa ndogo kuliko uliyokuwa unaiogopa, au unagundua hata haukuhitaji konveya.

Nianze na jamaa yangu mmoja ana godauni Vingunguti, anakusanya pumba na mahindi. Alienda kwa muuzaji (simtaji) akaonyeshwa konveya ya rola mita 12, mpya, inang'aa, haina mota wala haitumii umeme, unaiinamisha kidogo tu mzigo unateremka wenyewe. Aliipenda, akalipa. Siku ya kwanza wakaweka gunia la pumba juu yake, gunia likatembea kama mita moja na nusu likalala. Kitako cha gunia ni laini, kinazama katikati ya rola na rola, kwa hiyo kila rola inageuka kizuizi. Wakawa wanaweka kipande cha plaiwudi chini ya kila gunia, alafu mtu mmoja kazi yake kukimbiza plaiwudi kuzirudisha juu. Makuli walicheka wiki nzima. Hapo rola hazikuwa mbovu hata kidogo, zilikuwa nzuri sana kwa kazi ambayo yeye hakuwa nayo.

Kwa hiyo hapa nalinganisha zile aina nne ambazo wadau wa viwanda vidogo na vya kati wanazigombania sana, alafu ntaingia kwenye suala la kutengenezesha hapa hapa au kuagiza, manake huko ndiko hela nyingi zinapopotelea.

Mkanda na rola

Mkanda ndio kila mtu anaujua, dramu mbele, dramu nyuma, mota na giaboksi, katikati mkanda umekalia bati au umekalia rola ndogo. Uzuri wake mkubwa haubagui mzigo. Gunia, kiroba, katoni, kreti, mahindi ya bila gunia, hata tofali, vyote vinapanda. Gunia la sandarusi, gunia la katani, mfuko wa saruji, hakuna noma.

Rola zenyewe zinabagua. Zinataka kitu chenye kitako kigumu na bapa: katoni za sabuni, kreti za soda, ndoo za rangi, paleti. Na kuna kanuni ya zamani ambayo mafundi wote wa rola wanaijua, kwamba muda wote mzigo uwe umekalia angalau rola tatu. Boksi lako fupi kuliko yote likiwa na sentimita 30, basi kutoka katikati ya rola moja mpaka katikati ya nyingine isizidi sentimita 10. Wauzaji wa bei poa wanachofanya ni kuzitanua nafasi, wanaweka kila sentimita 15 wanaokoa theluthi ya rola, we unaona konveya ndefu kwa bei ndogo, kumbe boksi zako dogo dogo zitakuwa zinapiga pua. Nenda na futi kamba yako kabla ya kulipa.

Ila mzigo ukiwa wa katoni, sidhani kuna kitu kinaishinda rola ya kuteremka yenyewe. Haina umeme, haina mkanda wa kukaza, tanesco wakikata kazi inaendelea. Mteremko wake ni kidogo sana, sentimita tatu nne kwa kila mita, inategemea na uzito wa boksi na jinsi beringi zilivyo nyepesi, kwa hiyo usichomelee miguu moja kwa moja, weka miguu yenye bolti ya kurekebisha ujaribu na boksi zako mwenyewe, nyepesi kuliko zote na nzito kuliko zote. Boksi zito likiteremka mita 15 bila kuzuiwa huko chini linafika kama limekosewa, linapasua lenzake. Ndo maana kwa umbali mrefu wanaweka breki rola hapa na pale au wanaikata vipande.

Kuna rola za umeme pia. Za zamani zinavutwa na cheni au mkanda mmoja chini, mota moja inazungusha zote. Za kisasa zile za volti 24, mota imo ndani ya rola yenyewe, kila kipande cha konveya kina mota yake na sensa yake, boksi lisipokuwepo kipande kinasimama. Zile boksi hazigusani, likisimama la mbele na la nyuma linasimama kwa nafasi yake. Kwa godauni la kutuma maoda madogo madogo, dawa, vipodozi, spea za magari, hizo ni tamu sana na hazipigi kelele. Lakini ndugu yangu, kila kipande kina kadi yake ya umeme, na hiyo kadi ikiungua Kariakoo huipati. Ukinunua mfumo wa namna hiyo nunua na kadi tatu nne za akiba siku hiyo hiyo, ziandike kwenye invoisi ileile, usiahidiwe.

Matengenezo sasa. Mkanda unahitaji mtu wa kuuangalia, unakimbia upande. Na hapa kuna jambo dogo limenisumbua miaka mpaka nilipoelekezwa na mzee mmoja wa kiwanda: mkanda hukimbilia upande ule ambao unagusa rola kwanza. Basi. Ukilielewa hilo huhangaiki kukaza kaza ovyo skrubu za nyuma, unaangalia rola gani haijakaa mraba na fremu unaisogeza kidogo, unaacha mkanda uzunguke mara kadhaa ndo unaangalia tena. Vijana wengi wanakaza upande mmoja, haukubali, wanakaza tena, kufika jioni mkanda umekazwa kama gitaa, beringi za dramu zinalia, wiki mbili zimekufa, alafu wanasema konveya ya kichina.

Rola yenyewe ikifa beringi unaitoa moja unaweka nyingine, dakika tano, kazi haisimami. Kwa hilo rola inashinda.

Kupandisha mzigo juu, hapa ndo watu wanachemka

Kwenda flati kila kitu kinaweza. Kupanda ndo kesi nyingine.

Mkanda wa kawaida ulio laini, kwa nafaka ya bila gunia, usizidishe nyuzi 15 za mwinuko, na mahindi makavu yale ya mviringo hata hapo yanaanza kurudi nyuma. Kwa magunia ukiweka mkanda wenye mgongo mbaya, ule wa kukwaruza, unaweza kufika nyuzi 20 mpaka 25. Sandarusi ukichanganya na vumbi la unga inateleza kama sabuni, usidanganywe na majaribio ya dukani walikojaribu na boksi. Ukitaka mkali zaidi unaweka mkanda wenye vibao, na hapo umeingia gharama nyingine.

Sasa piga hesabu ya nafasi. Unataka kupandisha magunia mita 3 kupakia kwenye fuso au semi. Kwa nyuzi 20 unahitaji konveya ya karibu mita 9 na itakula zaidi ya mita 8 za sakafu. Kwa nyuzi 30 ni mita 6 tu lakini gunia litakataa bila vibao. Hizi za magurudumu zinazopandishwa kwa haidroliki au winchi ya mkono ndo jibu, unaisogeza hapa na pale, ukimaliza unaishusha unaiegesha pembeni. Kwa godauni la magunia, kama una hela ya konveya moja tu, mi nasema nunua hiyo usitafute nyingine.

Mahindi ya bila gunia kupanda mita 8 mpaka juu ya silo au juu ya mashine ya kukoboa, kwa mkanda wa nyuzi 15 ni mita 31 za konveya. Nani ana nafasi hiyo Buguruni? Hapo inakuja eliveta ya ndoo. Ni mkanda wenye ndoo ndogo ndogo zinazochota nafaka chini na kuimwaga juu. Inasimama wima, inakula mita moja hivi ya sakafu kila upande, inapandisha nafaka bila kuivunja sana, na umeme wake ni mdogo ajabu. Kunyanyua tani 20 kwa saa kwenda mita 4 juu, nguvu inayohitajika kinadharia ni wati 218. Wati, sio kilowati. Ukijumlisha msuguano na upotevu wa giaboksi, mota ya kilowati moja na nusu inatosha na inabaki. Kwa hiyo mtu akikuwekea mota ya kilowati 5.5 kwenye kieliveta cha mita 6 muulize kulikoni, pengine ndio iliyokuwepo stoo kwake.

Ubaya wa eliveta upo chini, kwenye buti yake, yaani kile kisanduku cha chini ndoo zinapochotea. Kuna nafaka inabaki pale ambayo ndoo haziifikii, inalowa, inaoza, inatengeneza sumukuvu, alafu unalilaumu shamba. Eliveta isiyo na mlango wa chini wa kufungua na kusafisha usiinunue hata kwa bure. Pili mkanda wake ukikimbia pembeni ndoo zinakwaruza bati, bati na vumbi la nafaka kwenye kisanduku kilichofungwa, hapo unacheza na moto kweli kweli.

Hilo la vumbi watu wanalidharau. Februari 2008 kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar kule Port Wentworth, jimbo la Georgia Marekani, kililipuka wakafa wafanyakazi 14. Uchunguzi ulifuatilia mpaka kwenye konveya ya mkanda iliyokuwa chini ya silo, walikuwa wameizungushia mabati kuifunga ili uchafu usiingie kwenye sukari, nia nzuri kabisa, lakini hawakuweka mfumo wa kunyonya vumbi, vumbi la sukari likajaa mle ndani na inaaminika beringi iliyopata moto ndo ikaliwasha. Beringi! Unga wa mahindi na wa ngano nao unawaka namna hiyohiyo. Kwa hiyo ukifunika konveya yako weka na kinyonya vumbi, na hizo beringi ziguse kwa mkono kila zamu, ukishindwa kuacha kiganja hapo kuna tatizo.

Skrubu ni bomba au bakuli la U lenye parafujo ndefu ndani inasukuma unga mbele. Ni rahisi kutengeneza, haivuji vumbi, na kwa unga, pumba, mashudu, dagaa waliosagwa, haina mpinzani kwa umbali mfupi. Kila kiwanda cha chakula cha kuku kinayo. Lakini inakula umeme mwingi kuliko mkanda kwa mzigo uleule manake inasukuma kwa kusugua. Na haijai yote, kwa unga inapimwa kwa kujaa karibu asilimia 30 tu ya bakuli, ukiijaza zaidi inakwama au inaunguza mota. Ukiiinamisha nyuzi 30 unaweza kupoteza karibu nusu ya kile ilichokuwa inabeba ikiwa flati. Wapo wanaoinunua kwa kipimo cha flati wanaiinamisha, alafu wanalalamika haifiki tani walizoahidiwa.

Pia ina adui mmoja ambaye vitabu vya kizungu havimtaji sana: kamba. Uzi wa kushonea gunia, nyuzi za sandarusi, unajisokota kwenye shafti taratibu mpaka siku moja unakuta donge kama kiota cha ndege na mota imefariki. Weka chekecheke pale juu mnapomwagia. Kitu kingine, mbegu za kupanda usizipitishe kwenye skrubu inayozunguka kasi, inazipasua, kwa kuku haijalishi ila kwa mkulima ni hasara tupu.

Kwa kifupi kwenye nafaka: kwenda juu eliveta, kwenda pembeni mita tatu mpaka sita unga au pumba skrubu, kwenda pembeni mbali mkanda. Viwanda vya chupa za maji na juisi wao wana cheni za plastiki zile za vipande vipande, mkanda ukichanika unabadili vipande sio wote, zinaoshwa kwa maji, zinapinda kona. Nzuri sana lakini bei yake ni ya kwenye kiwanda cha kujaza chupa, kwa magunia ni kujitesa.

Konveya au makuli?

Hili nalo lijibiwe kwa namba sio kwa kuona aibu kwamba jirani ana mashine. Chukua mfano huu uweke namba zako. Tuseme unapakia magunia 600 kwa siku, unalipa sh 150 kwa gunia, hiyo ni 90,000 kwa siku, siku 25 ni 2,250,000 kwa mwezi. Konveya haiondoi watu wote, lazima kuwe na wa kuweka na wa kupokea na wa kupanga juu ya lori, labda unapunguza nusu. Basi unaokoa kama 1,125,000 kwa mwezi. Konveya ya milioni 12 inajilipa kwenye miezi 11 hivi kabla hujaweka umeme na spea. Inalipa. Lakini ukiwa unapakia magunia 600 kwa wiki, ndugu yangu nunua turoli tano nzuri na uwalipe watu vizuri, konveya itakaa pale panya wazalie.

Na tukumbuke hii, mkanda haukimbii kuliko anayeulisha. Mkanda wa nusu mita kwa sekunde unaenda mita 30 kwa dakika, ungeweza kubeba magunia mengi mno, ila watu wawili wa kuweka gunia wanaweza kuweka moja kila sekunde sita na hapo wamekazana. Hayo ni magunia 10 kwa dakika, gunia la kilo 50 ni tani 30 kwa saa. Kwa hiyo kulipia mwendo mkubwa ni kulipia upepo.

Kuna upande wa mgongo wa mtu pia. ILO, shirika la kazi duniani, kwenye pendekezo lao namba 128 la mwaka 1967 waliweka kilo 55 kuwa mwisho kwa mwanaume mtu mzima kubeba. Sisi tuna gunia la kilo 100, na lumbesa juu yake. Tena lumbesa inasumbua hata mashine, kile kichwa kilichoshonwa juu kinanasa kwenye ukingo wa pembeni wa konveya gunia linageuka linapasuka. Ukiwa na wateja wa lumbesa agiza mkanda wa upana wa milimita 600 na kingo ziwe chini au zipanuke kwa nje.

Kutengenezesha hapa, kuagiza China, au mtumba wa nje

Haya, hapa ntakaa kidogo.

Fremu ni chuma cha chaneli na engo, hakuna uchawi. Mafundi wa Gerezani, wa SIDO (shirika la viwanda vidogo), au ukiwa Nairobi wale wa Kariobangi Light Industries, wanakutengenezea fremu iliyonyooka kuliko nyingi zinazokuja kwenye kontena, na ikipinda unarudi kwa mtu unayemjua. Kinachowashinda wengi ni vinavyozunguka. Dramu iliyokerezwa vibaya haijakaa senta, mkanda hautulii maisha. Rola zilizotengenezwa kwa bomba la maji na beringi zilizopigwa nyundo zinaanza kulia baada ya miezi mitatu. Giaboksi ya kuokoteza haijulikani uwiano wake.

Kwa hiyo msimamo wangu, na nimeshabishana na watu wengi juu ya hili: chuma tengenezesha hapa, vinavyozunguka nunua vizuri. Kwenye konveya ya mkanda ya mita 10 hela iende kwenye vitu vinne, mkanda, giaboksi na mota, beringi, rola. Ukimpa fundi wako hivyo vinne vikiwa orijino na mchoro wenye vipimo, unapata mashine ya bei ya kati yenye maisha ya mashine ya bei kubwa.

Beringi chagua saizi zilizojaa madukani. Shafti ya milimita 25 inatumia UCP 205, ya 30 inatumia UCP 206, rola ndogo nyingi zinakaa 6204. Hizo hata Mwanza, hata Mbeya unazipata jioni. Mashine ya nje yenye beringi ya ajabu ajabu ya inchi itakusimamisha wiki mbili kwa kitu cha bei ya chai na chapati. Feki zipo nyingi, boksi linafanana kabisa, angalia maandishi kwenye chuma chenyewe kama yamechongwa safi na izungushe sikioni. Nunua kwa muuzaji atakayekupa risiti.

Giaboksi zipo za womu (gia ya ndani kama parafujo), bei ndogo, zinatosha kwa konveya ya masaa machache, ila sehemu kubwa ya nguvu inaishia kwenye joto. Za helikali (meno ya gia yamekatwa mshazari) bei juu, hazipotezi sana, kwa kiwanda cha zamu mbili tatu zinarudisha hela kwenye luku. Mwendo wenyewe hesabu mwenyewe usidanganywe: mota ya 1450 kwa dakika, giaboksi 1 kwa 30, inatoka mizunguko 48, dramu ya milimita 200 inakupa ile ile nusu mita kwa sekunde. Na konveya yoyote inayopanda iwe na breki au kizuizi cha kurudi nyuma. Kuna watu wanakwambia giaboksi ya womu inajizuia yenyewe, sio kila moja inajizuia. Umeme ukikatika na magunia sita yako juu ya mkanda, utaelewa ninachosema ukiwa chini yake.

Kuagiza China ni sawa kabisa kwa mfumo wa rola, kwa zile za magurudumu za kupakia, na kwa mkanda wenyewe. Umeme wao ni hezi 50 kama wetu. Tatizo la China ni kwamba unapata ulicholipia, ukibana bei wanabana unene wa bati na idadi ya rola. Andika kwenye oda: unene wa chuma, upana na aina ya mkanda, nafasi ya rola, chapa ya beringi na ya giaboksi. Mkanda wa mpira ukiandikwa EP 400/3 maana yake una tabaka tatu za kitambaa na nguvu ya niutoni 400 kwa kila milimita ya upana, kwa magunia ya ndani ya godauni hiyo inatosha na inazidi, wengi PVC ya milimita tatu inawamudu. Ukiuziwa mkanda mnene wa mgodini uliotumika, sawa ni imara, lakini ukiuzungusha kwenye dramu ndogo utapasuka pasuka, unataka dramu kubwa. Kwa upande wa bandari, konveya ziko kwenye namba 8428 ya forodha, mwambie wakala wako aangalie hiyo kabla mzigo haujapakiwa sio baada ya kufika.

Mtumba wa Ulaya ni mzuri mno kwa chuma, nimeona konveya za zamani za kijerumani zinadunda tu. Mtumba wa Ghuba angalia umetoka nchi gani. Oman na Emirates wanatumia hezi 50, Saudia wanatumia 60. Mota ya hezi 60 ukiileta kwetu inazunguka taratibu kwa sehemu moja ya sita, na ile ya volti 380 ya hezi 60 ukiipa 400 yetu ya hezi 50 inachemka. Kile kibati chenye maandishi kwenye mota kinasema yote, omba utumiwe picha yake kabla hujatuma hela. Ukikuta 60 sio mwisho wa dunia, unabadili mota tu, lakini hiyo bei uitoe kwenye bei yake.

Huna fezi tatu? Mota ndogo mpaka kilowati 2.2 zinaendeshwa na invata inayoingiza fezi moja ya 220 na kutoa tatu, ila inatoa tatu za 220, kwa hiyo mota iliyoandikwa 220/380 fundi aiunge delta, akiiacha nyota (hizo ni namna mbili za kuunga nyaya za mota) itakosa nguvu. Na invata inakupa kupunguza mwendo bila kugusa giaboksi, kwangu hiyo peke yake inatosha kuinunua hata kama fezi tatu unazo.

Usalama kwa ufupi

Pale mkanda unapoingia kwenye dramu ndipo panapokata vidole. Funika hapo kwa wavu wa bolti sio wa waya wa kufunga, weka kamba nyekundu ya kuzimia urefu wote wa konveya, na mtu akisafisha swichi kubwa ifungwe kwa kufuli na ufunguo awe nao yeye mfukoni. Hakuna kanga, kanzu wala mitandio inayoning'inia karibu. Wakaguzi wa usalama kazini, OSHA wa Bara na DOSHS wa Kenya, wakija wanaanzia hapo hapo, na fundi akikwambia wavu unaongeza bei mbadilishe fundi.

Ukiniuliza sasa hivi nimuwekee mtu nini: godauni la magunia, moja ya magurudumu yenye mkanda wa kukwaruza, fremu ya hapa, mota 2.2 na invata. Stoo ya katoni, rola za kuteremka, nafasi sentimita 10 au chini ya hapo. Kinu cha unga, eliveta moja yenye mlango chini na skrubu fupi mbili. Ukienda kwa fundi beba gunia lako lenyewe, lile baya kuliko yote lenye lumbesa, mkalijaribu pale pale kwenye karakana kabla hujamaliza malipo.

Yule jamaa wa Vingunguti naye hakuzitupa zile rola. Upande wa pili wa godauni amepangisha mtu wa katoni za sabuni na mafuta, zimehamia huko, mwaka wa tatu huu hata beringi moja haijabadilishwa. Magunia yake yanapanda kwenye mkanda, na plaiwudi zimegeuka mlango wa banda la kuku.